Gitaa ya Magotini

Watu wengine wana waume wanaokunywa. Nimekaa jirani nao, nimesikia milango yao ikipigwa, na kwa miaka mingi niliwaonea huruma wake zao. Siku hizi tukikutana soko la Kasongo, wao ndio wanaonionea huruma mimi. Mume wangu hanywi, hapigi mtu, wala hana mwanamke mwingine ninayemjua. Anachofanya ni kulaza gitaa chali juu ya magoti yake kama mtoto anayeogeshwa, kushika kipande cha chuma, na kukitelezesha juu ya nyuzi mpaka zilie. Zikishalia, mimi ndiye ninayeulizwa kuna nini.

Zamani gitaa yake ilikaa kifuani kama gitaa za watu wote. Alikuwa mpiga solo wa okestra ya hapa kwetu, ile inayoitwa kwenye harusi, kwenye sikukuu za shule za misheni, na mara nyingine kwa mfanyabiashara wa Nyangwe au wa Kabambare anayetaka watu wajue kwamba mambo yake yamemnyookea. Akipiga, wanawake walikuwa wanasimama mbele yake na kupunga vitambaa, nami nimekaa pembeni nikijifanya sioni. Nilikuwa naona. Na nilijisikia vizuri sana, kwa nini nidanganye?

Kisha akaanguka na pikipiki njia ya Kabambare, wakati wa mvua, juu ya daraja la miti lililokuwa limelowa. Dereva alichubuka goti tu. Mume wangu aliangukia mkono wa kushoto. Hospitali waliufunga, mzee wa kuunga mifupa akaufungua na kuufunga upya kwa namna yake, hospitali wakakasirika, na mwishowe mifupa ilishikana lakini vidole vikakataa kukunjika. Vimesimama wima hadi leo, kana kwamba daima anasimamisha mtu barabarani. Sasa gitaa ya kifuani inataka vidole vya kushoto vikunjike na kubana nyuzi, kila kimoja mahali pake. Okestra ilingoja kidogo, kwa heshima, halafu ikachukua mpiga solo mwingine.

Mwanaume aliyezoea kusikilizwa akikosa wa kumsikiliza anahamia jikoni. Aliniambia ninaosha sahani kwa kelele. Aliniambia ninaponda sombe, majani yetu ya muhogo, kwa mapigo yasiyolingana. Kila mwanamke wa mtaa wetu anaponda sombe apendavyo, mimi peke yangu nilikuwa na mtu amekaa kwenye kiti nyuma yangu akisikiliza mchi na kutikisa kichwa. Nikimwambia aende kwa rafiki zake, anasema wako kwenye mazoezi. Nikimwambia aende sokoni aniuzie mchele, anasema watu watamwangalia mkono. Basi tulibaki hivyo, mimi, yeye na mchi, na kuna siku niliuangalia ule mchi kwa mawazo mabaya.

Aliyeleta mambo ya Hawaii ni mdogo wake. Alitoka Kindu na kadi ya kutia ndani ya simu, imejaa nyimbo ovyo ovyo: kwaya, rumba, mahubiri, tangazo la sabuni, na katikati yake nyimbo chache ambazo hata yeye hakujua zilifikaje humo. Zilikuwa za zamani, zinakwaruza. Chini kulikuwa na vigitaa vidogo vinakata mapigo upesi upesi, besi inatembea kwa maringo, na juu ya yote kuna sauti moja inayoteleza, inapanda na kushuka bila kukanyaga ngazi yoyote. Haikuwa sauti ya mtu wala ya filimbi. Nilidhani kadi imeharibika.

Mume wangu aliacha kula. Alisikiliza wimbo uleule tena na tena, kijiko mkononi, kisha akasema polepole, "Huyu mutu hakunji vidole."

"Nani?"

"Huyu anapiga. Hakuna kidole inabana pale. Ni kitu kimoja tu inateleza."

Kesho yake alikwenda kwenye kibanda cha kuchaji simu, ambako mtandao unapatikana siku ukitaka wenyewe, akaomba wamtafutie video za muziki ule. Alinieleza baadaye, kwa mikono yote miwili. Wanaume wamevaa mashati ya maua, na maua mengine wamevaa shingoni, wote wanacheka. Mmoja amekaa, gitaa imelala juu ya magoti yake. Mkono wa kulia unachuna nyuzi. Mkono wa kushoto umeshika chuma, vidole vimenyooka, na unakwenda mbele na nyuma tu. Alirudi nyumbani akitembea haraka, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu ajali ile.

Hapo nilielewa kilichokuwa mbele yetu. Mkono ule ukikubali chuma, mume wangu atapiga tena mbele ya watu. Ukikataa, nitabaki naye jikoni mpaka mmoja wetu azikwe.

Kwa hiyo nilivumilia. Nilivumilia alipochukua kisu changu na kupiga kwa mpini wake. Nilivumilia kijiko kikubwa, chupa ya dawa, na mtwangio mdogo wa pilipili, ambao ulirudi jikoni umekwaruzika. Mwishowe fundi wa pikipiki alimpa pini ya pistoni, kipande cha chuma cheupe, laini, kinachojaa kiganja, na hicho ndicho kikafaa. Watu walisema ni ajabu, pikipiki imemvunja mkono na pikipiki imempa chuma. Mimi sikuona ajabu yoyote, niliona mtu ambaye hatoki tena chumbani. Alivunja kitana changu akaweka kipande chini ya nyuzi, juu kabisa shingoni, ili ziinuke na chuma kisigonge mbao. Nyuzi zilipokatika, na nyuzi hapa Kasongo hazipatikani, alifumua waya wa breki ya baiskeli. Baiskeli yenyewe ni ile inayobeba mchele wangu. Niligundua kwenye mteremko.

Nilipomaliza kupiga kelele, alinikalisha chini na kunisomesha. Kwamba Hawaii ni visiwa vilivyo peke yake katikati ya maji mengi. Kwamba watu wa kule waliletewa gitaa na wageni, wakailaza, wakaivumbulia chuma. Kwamba baadaye walikutana na muziki wa dansi wa Amerika, ule wa mapigo yanayorukaruka uitwao swingi, wakachanganya, na hapo chuma kikawa ndicho kinachoongoza, kinaimba pale ambapo mwimbaji amenyamaza. Kwamba hata wazee wa Kinshasa waliwahi kuipiga, rumba ilipokuwa bado changa. Nikamuuliza kama watu wa Hawaii nao walikuwa wanatoa breki za baiskeli za wake zao. Alisema hilo hajalifuatilia.

Sasa nieleze kilio cha kwetu, la sivyo mtadhani tulikuwa wajinga. Kwetu kukiwa na kifo, hakuna anayetumwa kuita watu. Sauti inatosha. Ukisikia kilio nyumba ya jirani unaacha ulichoshika, unachukua kuni, unachukua mkeka, unakwenda. Mkristo anamwendea Mwislamu, Mwislamu anamwendea Mkristo, hatujui kuchagua. Na ukifika, huulizi. Kuuliza nani amekufa ni kujitangaza kwamba watu hao si watu wako, kwamba hukujua nani alikuwa anaumwa kwao. Unaweka kuni, unakaa, unalia kidogo, na marehemu utamjua taratibu kwa kuwasikiliza wanaolia kuliko wewe.

Siku ile nilikuwa sokoni. Mume wangu alijifungia chumbani, ametia visikilizio masikioni, anafuata wimbo wa kadi. Alikuwa amechagua wa polepole. Alikuwa anapenda kubaki kwenye sauti moja, anaitetemesha kwa chuma, kisha anaiteremsha mpaka chini kabisa, kama mwanamke aliyeishiwa pumzi. Sauti iliruka ua. Jirani yangu, mke wa muuza vitambaa, mama wa Kiislamu ambaye hajawahi kukosa kilio cha mtu, aliisikia akasema Innalillahi, akabeba kuni. Waliomwona amebeba kuni nao wakabeba. Wanaume wakatoa viti, wakawasha moto katikati ya uwanja wangu. Wanawake wakakaa kwenye mikeka na kuanza kusaidia kulia, maana sauti ya ndani ilikuwa inalia peke yake na haikuwa vizuri kuiacha hivyo.

Dereva mmoja wa pikipiki ndiye aliyenikuta. "Mama, kimbia. Kwenu iko kilio."

Niliacha mchele wazi, nikakimbia. Njiani nilijiuliza nani. Binti yetu alikuwa ameshinda kwa fundi wa nguo, nilimwacha akicheka. Mama mkwe anakohoa lakini anakohoa tangu nimeolewa. Nilipofika kwenye mlango wa ua nikaona moto, nikaona mikeka, nikaona jirani yangu amefunga kitambaa kiunoni, na sikumwona mume wangu popote. Basi, ni yeye. Sikuuliza. Hata mimi, mwenye nyumba, sikuuliza. Nilijitupa chini katikati ya watu.

"Ee bwana yangu! Umeniachia nani? Ilikuwa mukono tu! Mwili yote ilikuwa muzima, ilikuwa mukono tu!"

Wanawake waliponisikia wakajua sasa wanamlilia nani, na wakapandisha sauti kweli kweli. Nadhani ndipo ilipopenya visikilizio. Mlango wa chumba ukafunguka, mume wangu akatoka, waya zinaning'inia shingoni, pini ya pistoni mkononi, macho yamemtoka.

"Nani alikufa?"

Mwanamke mmoja aliruka ua wa matete na kuuvunja. Jirani yangu akasema Astaghfirullah, akakaa chini. Mzee mmoja, ambaye alikuwa anachochea moto wangu tangu adhuhuri, alimwangalia mume wangu toka juu hadi chini bila haraka.

"Nasi tulikuwa tunangojea kusikia," alisema.

Nilisimama. Kanga imejaa vumbi, koo linauma. Nilikuwa nimemlilia mtu yule mbele ya mtaa mzima, na yuko pale, ananikodolea macho, ameshika chuma chake. Sijui kama nilitaka kumkumbatia au kumpiga. Nilimpiga, kwa kandambili, begani, na watu wakasema aachwe, amejua kosa lake.

Watu waliokuja kwenye kilio hawafukuzwi wakiwa na njaa, kwa hiyo nilipika. Nilipika kwa kuni zao wenyewe, maana kuni za kilio hazirudi zilikotoka, nikawagawia mchele uliobaki sokoni baada ya mbuzi kuupitia. Walipokwisha kula, chefu wa avenyu yetu, yaani mkuu wa mtaa, alisimama. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mumemulilia mutu muzima," alisema. "Ile ni kuita kifo kwa jina. Tangu leo, ile gitare isisikike tena mu avenyu yangu."

Habari ilisafiri na pikipiki. Ilifika Lusangi kabla ya magharibi. Ilifika Kabambare, na Kabambare ndiko alikotoka kijana aliyekuwa anamwoa binti yetu. Harusi ilikuwa mwezi unaofuata. Mume wangu alikuwa amekwisha kuwaambia wenzake wa zamani wa okestra kwamba siku hiyo atakaa nao mbele, apige kwa ajili ya mtoto wake. Alikuwa amekwisha kunyoosha shati.

Binti alimjia jioni hiyo, akapiga goti kama anavyofanya akitaka kitu kigumu. "Papa, nakuomba. Usipige. Wakwe watafikiri tunawaletea kilio mu ndoa."

"Sawa, mama," alimjibu, maana binti yetu ana jina la mama yake na hamwiti vingine. Akaingia ndani, akasukuma gitaa chini ya kitanda. Kesho yake asubuhi alirudi kwenye kile kiti, nyuma yangu, jikoni.

Nilikaa naye hivyo siku kadhaa. Sasa hakuwa anasema neno juu ya sahani wala sombe. Alikuwa amekaa tu, mkono umelala juu ya paja, na hilo liliniudhi kuliko maneno yake yote ya zamani. Mtu ananyamaza mpaka unatamani akutukane. Nikamwambia aondoke, aende akalinde mpunga, shamba letu la njia ya Nyangwe, maana mpunga ulikuwa umeanza kuiva na ndege hawana huruma. Alikubali haraka. Nilipaswa kushtuka.

Nilipomfuata na chakula nilikuta gunia aliloondoka nalo likiwa tupu kwenye kibanda cha walinzi. Gitaa iko magotini. Yeye amefunga macho, anateremsha sauti ile ile kutoka juu hadi chini, polepole, anaitetemesha. Na mbele yake, juu ya mpunga wangu, ndege wametanda wanakula kwa raha zao.

"Weye!" nilipiga kelele. "Ndege wanakula mupunga, weye umefunga macho!"

"Niko mu mazoezi."

"Mazoezi ya nini? Ya kilio ya nani? Wale watu wa video walikuwa wanacheka, ulisema weye mwenyewe! Weye kila siku ni kulia tu. Kama unataka kulilia mukono yako, lia na kinywa yako. Usitume chuma."

Aliitazama pini ile, akaigeuza geuza. Nilikuwa na mengine ya kumwambia, nilikuwa nimeyapanga njia nzima, juu ya breki, juu ya kitana, juu ya kandambili yangu iliyokatika begani mwake.

"Nikianza kulia," alisema, "nitaacha namna gani?"

Nikamwambia ataacha njaa ikimkamata. Na hapo, mume wangu, ambaye hakulia alipoanguka, wala mzee alipomvuta mifupa, wala alipomsikia mpiga solo mpya kutoka ng'ambo ya barabara akipiga nyimbo zake yeye, aliinama juu ya gitaa akalia. Alilia vibaya, bila mpango, na makamasi. Nilisimama pale na sufuria ya chakula. Nilitaka kumshika lakini nilikuwa bado na hasira ya mpunga, na vitu hivyo viwili haviingii katika mkono mmoja. Kwa hiyo nilichukua bidoni ya kufukuzia ndege, lile dumu tupu la plastiki, nikaanza kuipiga.

Niliipiga kwa hasira yangu yote. Pigo moja zito la mkono wa kulia, na la kushoto jepesi, linachelewa kidogo, kwa sababu kushoto nilikuwa bado nimebana kifuniko cha sufuria. Zito, jepesi linalochelewa, zito, jepesi. Ndege waliinuka. Wengine walikwenda shamba la jirani, Mungu atawajua.

"Usiache," akasema mume wangu.

"Nini?"

"Usiache. Ni ile. Ni vile vile wale wa Hawaii wanaruka."

Alifuta uso kwa kiwiko, akaweka chuma juu ya nyuzi. Safari hii hakubaki. Aligusa, akateleza kidogo, akainua, na upande wa kiganja chake ukazima nyuzi kabla hazijaanza kulalamika. Sauti ile ile iliyojaza watu uwanjani kwangu, akiikata mkia, ilikuwa inacheka. Siwezi kuieleza vizuri zaidi. Nilikuwa nimechoka, nina njaa, mikono inaniuma, na kila nilipotaka kuacha alipiga kelele nisiache. Tulikula chakula baridi. Hakushukuru, wala mimi sikushukuru.

Kiongozi wa okestra alikuja shambani kumsikiliza, baadaye binti. Binti alisimama kwenye njia ya mpunga, ameshika viatu mkononi, akasikiliza mpaka mwisho.

"Kama ni hii ya kucheka, Papa, ndiyo," alisema. "Ile ingine, hata kidogo."

Baba yake akaahidi. Chefu wa avenyu naye akalegeza, kwa siku moja, tena kwa sharti kwamba yeye mwenyewe awepo na akae karibu na chakula.

Siku ya harusi wakwe walifika kutoka Kabambare, msururu wa pikipiki, wamejaa matope hadi kwenye nyusi. Bibi wa bwana arusi, aliyemlea tangu utoto, mwanamke mkavu mwenye macho makali, alikuja amefungwa kwa kitenge kwenye mgongo wa dereva ili asianguke. Walimfungua, wakamkalisha mbele. Nilipomwona tu nilimwogopa.

Okestra ilipiga rumba, watu wakacheza. Kisha mume wangu akaletwa na kiti chake, akalaza gitaa, na wakwe wakaanza kunong'onezana. Sikio langu lilikamata neno kilio. Mpiga ngoma alianza, na nikajua hapo hapo kwamba tumepotea. Kijana yule anapiga rumba vizuri, lakini pigo la kuchelewa alilinyoosha, kila akijaribu analinyoosha, na chuma kikikosa pa kurukia kinaanza kuvuta. Sauti ilianza kurefuka. Mwanamke mmoja wa kwao akashika kitambaa kichwani. Mume wangu aliinua macho akanitafuta kati ya watu.

Mama wa bibi arusi hakai na wapiga muziki. Mama wa bibi arusi anakaa na wakwe, amevaa kitenge kipya cha wax, anatabasamu mpaka mashavu yanauma. Nilikuwa nimesuka, nimepaka, nimelipia ile nguo kwa miezi. Nilikwenda nyuma ya jiko, nikamwaga maji ya bidoni, nikarudi nayo mbele ya wakwe, mbele ya padri, mbele ya chefu wa avenyu na sahani yake, nikakaa chini karibu na mume wangu na kuanza kuipiga. Nilikuwa nimekasirika kweli. Labda ndiyo maana ilitoka sawa.

Chuma kikaruka. Vijana wa Kabambare walikuwa wa kwanza kuinuka, halafu bwana arusi, halafu binti yangu, anacheka amefunika mdomo. Wale waliokuwa wananong'ona waliacha. Wenzake wa okestra wakaingia nyuma yake mmoja mmoja, mpiga solo mpya naye akampisha. Mume wangu alikuwa amenyoosha vidole vyake vibovu mbele ya watu wote, na hakuna aliyeviangalia kwa huruma. Aliyeviangalia alikuwa anashangaa vinavyokwenda. Kila mtu alicheza isipokuwa yule bibi. Alikaa na mikono juu ya magoti, anatuangalia sisi wawili, mpaka mwisho, na nikasema moyoni, basi, tumemwudhi, binti yangu atalipa.

Asubuhi tuliwasindikiza mpaka pikipiki zinapoegeshwa, njia ya Kabambare. Mvua ilikuwa imenyesha. Binti alikwisha kupanda, mimi nimekwisha kulia sehemu yangu. Walipokuwa wanamfunga yule bibi kwa kitenge chake, alimwita mume wangu kwa kidole.

"Weye ndiye ulilisha watu kilio bila maiti?"

Mume wangu aliinamisha kichwa. "Ni miye, mama. Utusamehe."

"Jana ulipiga ya kucheka. Ilikuwa muzuri. Lakini miye nilikuja sababu ya ile ingine." Alishusha sauti, nami nikasogea, kwa nini nisisogee. "Watoto yangu wote, niliwalilia miye mwenyewe. Nimewamaliza. Huyu mujukuu ni mwanaume, ataogopa watu, atafunga kinywa. Nani atanililia? Siku yangu ikifika, watakuita. Utakuja?"

Nilingoja acheke, au aseme Mungu ampe maisha marefu, kama tunavyosema wote ili kutoka kwenye maneno ya namna hiyo. Alivua kofia.

"Nitakuja, mama. Nitapiga mpaka wasikie wote."

Yule bibi akaitikia kwa kichwa, akampiga dereva begani, wakaondoka.

Tulirudi kwa miguu. Nilinyamaza kadiri nilivyoweza, nako si mbali. Mtu amekaa bila kazi tangu ajali, na kazi ya kwanza anayopewa ni kilio, Kabambare, cha mtu ambaye bado yuko mzima juu ya pikipiki. Tena ameikubali amevua kofia! Lakini hicho sicho kilichokuwa kinanichoma, na nilikijua.

"Yule utamulilia," nilimwambia. "Na miye je? Mbele ya mutaa wote nilikulilia, nikajichafua. Miye nitaliliwa na nani?"

Aliniangalia usoni, hasira zimenijaa.

"Weye hutakufa," alisema. "Weye uko na hasira mingi."

Barabara ilikuwa inateleza na yeye alikuwa upande wa mtaro, nikamshika mkono, ule wa kushoto. Vidole vyake havikunjiki juu ya vya mtu. Nikakunja vyangu.